Tatizo la Simbas liko kwa jezi namba 18: jibu kwa shabiki wa Kakamega

Swali kuhusu Simbas, timu yetu ya taifa ya raga ya watu 15, lilikuja hivi: "Habari yako kocha. Mimi ni shabiki wa raga hapa Kakamega, Simbas nawafuata tangu ile 2014 ya Madagascar. Kila kikosi kikitangazwa tunagombana mtaani nani ameachwa. Naomba unieleze, kwa nini mara nyingi tunashindana vizuri mwanzoni, halafu dakika ya 50 hivi watu wakianza kubadilishwa mambo yanaharibika? Ni kocha anachagua vibaya ama hatuna watu? Na si achukue tu vijana wa Shujaa, timu yetu ya watu saba (sevens)? Halafu nina mdogo wangu kidato cha nne, ni propu, kilo 104, kila mtu anamwambia ahamie flanka ndo aonekane. Nimwambie nini?"

Ndugu yangu asante kwa swali, na vizuri umemtaja mdogo wako, manake jibu langu lote litaishia kwake.

Nianze na hayo mabishano ya mtaani. Ukiyasikiliza vizuri utaona karibu yote ni ya jezi 9 hadi 15, nani aanze namba kumi, nani apige mateke, kwa nini winga fulani ameachwa na juzi kwa ligi amefunga trai tatu. Huko nyuma hatuna shida kubwa, Kenya haijawahi kukosa mtu wa mbio. Lakini sijawahi hata siku moja kusikia watu wakirushiana maneno ati propu wa kulia wa tatu (propu ni mtu wa mstari wa mbele wa skramu, wa kulia anavaa namba 3) hakuitwa kambini, na mimi niliyefundisha mafowadi, jezi 1 hadi 8, miaka mingi nakuambia hapo ndo mechi zetu zinapotea.

Ngoja nikueleze kitu nilichoona kwa macho yangu. Nilikuwa na klabu moja Nairobi, tuko mbele kwa pointi sita, dakika ya 52, namba 3 wetu akashika nyuma ya paja akaketi chini. Benchi nilikuwa na kijana wa miaka 21, kilo 99, bidii tele, mazoezini hakosi, lakini msimu mzima ukijumlisha alikuwa amecheza labda saa moja. Nikamwingiza. Skramu ya kwanza, pale mafowadi wanane wanasukumana na wanane, alisimama. Ya pili nikaona kiwiko chake cha kulia kinaanza kuelekea chini na miguu imekaribiana kama mtu amesimama foleni ya benki, nikajua tumekwisha. Propu ambaye kiwiko kinaangalia nyasi hana mgongo tena, yule wa upande wa pili anaingia chini ya kifua chake anamkunja. Kipenga, penalti. Wakapiga mpira nje mita tano kutoka laini yetu, lainauti (mpira unarushwa ndani kutoka pembeni), moli (wanamsukuma kwa pamoja aliyeshika mpira), trai. Dakika nne baadaye skramu nyingine, na safari hii flanka wetu, fowadi wa pembeni mwa skramu, alibaki ameganda pale akijaribu kumshikilia kijana, akachelewa kutoka, namba kumi wao akapita pale pale flanka alipaswa kuwa, namba kumi wetu akamkosa, trai ya pili. Baada ya mechi watu wote wanamtukana namba kumi. Yule kijana hakuna aliyemtaja, alikuwa amekaa peke yake nyuma ya basi na barafu kwa shingo, na mimi ndo nilikuwa nimemkosea, juu nilimwingiza kwa moto ule bila kumpa mechi za kumwandaa.

Kwa hivyo ukiona timu "inaharibika" dakika ya 55, usiangalie tu nani amekosa kukaba. Rudi nyuma mpira mara mbili tatu uone penalti ilitoka wapi.

Sasa kwa nini hiyo nafasi hasa. Namba 1 kichwa chake kiko nje, bega moja tu ndo liko ndani, angalau anapumua. Namba 3 kichwa kimeingia katikati ya huka (namba 2) na propu wa wapinzani, wote wawili wanamkandamiza, na nyuma loku (fowadi wa mstari wa pili) wake mwenyewe anamsukuma. Skramu za timu kubwa upande mmoja ni kama kilo 900, na uzito huo mwingi unapitia kwa mgongo wa mtu mmoja. Kazi hiyo huimalizi gym, na hata mashine ya skramu inakufikisha nusu ya njia tu, kwa sababu mashine haikuchezei akili, haibadilishi pembe, haishuki ghafla sentimita tano wakati umeshavuta pumzi. Inajifunzwa kwa kusukumwa na watu wazima wabaya Jumamosi baada ya Jumamosi. Propu wa klabu ya Ufaransa yuko kwa ligi ya mechi 26 kabla hata ya mchujo wa mwisho. Kenya Cup, ligi yetu kuu, ni miezi michache, halafu tunaingia msimu wa sevens, mapropu wanaenda nyumbani.

Na sheria haikupi pa kujificha. Kikosi cha siku ya mechi ni watu 23, na kati yao lazima sita wawe wa mstari wa mbele, watatu wanaanza watatu benchi. Jezi 16, 17 na 18, yaani huka, propu wa kushoto na propu wa kulia wa akiba, zimeshaandikwa kabla kocha hajafungua mdomo. Zinabaki nafasi tano tu, na kawaida ni loku, flanka, namba tisa, namba kumi na mtu mmoja wa nyuma. Kwa hivyo benchi si orodha ya wachezaji wanane waliokosa kidogo kuanza, ni majibu ya maswali. Huka akiumia dakika ya tano nani anarusha lainauti? Mpigaji mateke akitoka nani anapiga? Namba tisa akipewa kadi ya njano nani anaupeleka mpira? Winga mtamu wa ligi anaachwa nje na loku asiyejulikana anaingia, na kocha hajakosea.

Dunia nzima iliona hii fainali ya Kombe la Dunia 2019 kule Japan. Dakika ya 3 tu propu wa kulia wa Uingereza, Kyle Sinckler, aligongwa akazimia akatolewa. Akaingia Dan Cole, na huyo si mtoto, alikuwa na mechi zaidi ya 90 za taifa. Lakini alipangwa kucheza kama dakika 25 za mwisho, sasa akalazimika kukaa pale zaidi ya dakika 60, mbele yake Tendai Mtawarira, yule Beast, na penalti za skramu zikaanza kumiminika. Afrika Kusini 32, Uingereza 12. Afrika Kusini walipoteza watu wawili mapema pia, Bongi Mbonambi na Lood de Jager, wote ndani ya kipindi cha kwanza, lakini wakaingia Malcolm Marx na Franco Mostert na hukuona tofauti. Timu mbili tajiri, mechi moja, na ile iliyokuwa na jezi 16 hadi 19 nzito zaidi ndo ilibeba kombe.

Sasa tazama historia yetu na macho hayo. 2014 Antananarivo tuliwachapa Namibia 29-22, tukaingia mechi ya mwisho na Zimbabwe Kombe la Dunia tunaliona kabisa, tukalala 28-10. Sisi, Namibia na Zimbabwe tukamaliza na ushindi mbili mbili, Namibia wakaenda. 2018 tukafika mchujo wa mwisho Marseille, mechi tatu chini ya wiki mbili: Canada 65-19, Ujerumani 43-6, Hong Kong 42-17. 2022 tukarudi mchujo uleule, safari hii Dubai, Marekani 68-14, Ureno 85-0, kisha Hong Kong 22-18. Iangalie hiyo ya mwisho tena. Umetoka kufungwa 85 bila jibu na siku sita baadaye unapoteza kwa pointi nne tu, kwa hivyo moyo wa wachezaji haukuwa shida, wale vijana walijitoa sana na mimi nawaheshimu. Na Ureno ile haikuwa timu ndogo, mwaka uliofuata waliwapiga Fiji 24-23 kwa Kombe la Dunia lenyewe. Lakini mashindano ya mechi tatu kwa siku 13 yanataka watu 28 hivi ambao yeyote kati yao anaweza kuanza, na sisi kwa maoni yangu tumekuwa tukienda na 15 au 17 wa kuanza na wengine wa kuwapumzisha kidogo. Mechi ya kwanza inawachosha hao 17, ya pili inawamaliza.

Kuna jambo watu hawaliunganishi. 2014 kabla ya Madagascar timu yetu ilikuwa imepelekwa kucheza Vodacom Cup Afrika Kusini. 2022 Simbas walicheza Currie Cup daraja la pili (wenyewe wanaliita First Division), huko huko. Matokeo hayakupendeza, mashabiki walilalamika sana ati tunaaibishwa. Lakini 2014 ndo mwaka tulimpiga Namibia, na Julai 2022 tulifika fainali ya Afrika, tukiwatoa Uganda 42-7 na Algeria 36-33 kabla Namibia hawajatufunga 36-0. Sisemi ni hiyo peke yake, ila mimi naona ni dakika zile. Jezi 17 na 18 walikuwa wamesukumwa na wanaume wa kweli kila wiki, na kikosi chote, si wale 15 tu, kwa sababu ratiba ya kila wiki inakulazimisha kuzungusha watu utake usitake.

Na Zimbabwe, ambao 2014 tulikuwa nao sawa kabisa, walichukua Kombe la Afrika 2024, wakarudi Kampala 2025 wakatutoa nusu fainali, wakawapiga Namibia 30-28, na 2027 wanaenda Australia, mara yao ya kwanza tangu 1991. Kikosi chao kimejaa watu wanaocheza au waliolelewa kwa raga ya Afrika Kusini na Uingereza. Sikuambii hivi kukuumiza. Nakuambia kwa sababu ni majirani zetu hawa, si New Zealand, na walichofanya kinafanyika.

Kuhusu Shujaa. Nawapenda, ile siku ya Singapore 2016 tulipowachapa Fiji 30-7 nililia mbele ya watu na sioni aibu. Lakini sevens skramu ni watu watatu kwa watatu, mechi ni dakika 14, na fowadi wa sevens ni mtu mwepesi anayekimbia kama winga. Ukimleta kwa fifteens, raga ya watu 15, anaenda wapi? Winga, senta namba 13, fulubeki. Ni pale pale ambapo tayari tuna foleni. Wako waliofanya zote mbili vizuri sana, Darwin Mukidza na Jacob Ojee wamevaa jezi zote mbili na hakuna wa kuuliza, lakini hao walikuwa na fifteens ndani ya damu, walijua kukaa kwa laini ya ulinzi dakika 80 bila kuona mpira. Pia kalenda inagongana. Julai 2024 Kombe la Afrika lilikuwa Kampala wiki ile ile Shujaa wako Olimpiki Paris. Utamtoa mtu Olimpiki aje kucheza robo fainali Namboole? Na hata akiwa huru, ratiba ya sevens duniani inakula miezi ya Kenya Cup, kwa hivyo anafika kambini hajashika mtu kwa raki tangu mwaka jana. Mmoja au wawili, wiki sita kabla, sawa. Sita wiki ya mwisho, hapana, na kila mmoja wao amechukua nafasi ya mtu aliyekuwa akiiva.

Tangu fainali ya Paris 2023 kuna wale wanaoniuliza pia kwa nini Simbas wasijaze benchi mafowadi saba na mtu mmoja wa nyuma kama Rassie Erasmus, bosi wa raga wa Afrika Kusini. Haya, fikiria kilichotokea usiku ule. Dakika ya 3 huka Mbonambi akaumia, na huka wa pili Marx alikuwa ameshaenda nyumbani na goti, na badala yake Erasmus hakuwa ameita huka, alimwita Handré Pollard, namba kumi! Akaingia Deon Fourie, miaka 37, aliyekuwa akitumika kama flanka. Lainauti iliyumba wee, lakini Fourie alikuwa amecheza huka kwa klabu miaka mingi kabla, skramu ilisimama, na Pollard akafunga pointi zote za 12-11. Ule haukuwa ujanja wa kuigwa na kila mtu. Wilco Louw, propu wa kulia ambaye timu nyingi duniani zingemwanzisha, hakuwa hata kikosini mwaka ule. Mwenye ghala limejaa anaweza kucheza kamari na gunia moja. Sisi tukijaza mafowadi saba benchi tutajaza watu saba wasio na mechi miguuni, na namba tisa akiumia tutaokota winga aupeleke mpira.

Basi ni kocha ama hatuna watu? Watu tuko nao, miili iko, njoo Bull Ring, uwanja wenu hapo, siku klabu ya Kabras iko nyumbani uone vifua vya wale vijana, nenda Nakuru, nenda Ngong Road. Tunachokosa ni watu walioiva nyuma ya wa kwanza. Kocha wa taifa anapewa kambi ya wiki chache, na wiki chache hazitengenezi propu, zinamfundisha tu majina ya lainauti. Lakini kuna sehemu moja makocha wetu wote wa fifteens naona wanaweza kufanya zaidi, nayo ni Elgon Cup, kombe letu na Uganda. Tukicheza nao tunataka kushinda kwa nguvu zote, ni jirani, ni heshima, mimi pia moyo unanidunda. Kwa hivyo tunaanzisha 15 wa kwanza, nyumbani na ugenini, na namba 18 anaingia dakika ya 70 mechi ikiwa imeamuliwa. Ningekuwa mimi, mechi moja kati ya hizo mbili namba 3 anayeanza ni yule wa pili, na benchi anakaa wa tatu, na anacheza dakika 55 hata kama anateseka. Namba kumi wa pili vivyo hivyo, apige mateke yote, hata ya pembeni kabisa, na uwanja umejaa kelele. Tunaweza kupoteza mechi hiyo. Waganda watafurahi na watatucheka mwaka mzima. Lakini tutafika mashindano ya kufuzu tukijua namba 18 wetu ni nani, siyo kumjua dakika ya 52 kama mimi nilivyomjua kijana wangu.

Kuna pia Wakenya wa nje. Siku hizi mchezaji anaweza kuchezea nchi aliyozaliwa, au ya mzazi, au ya babu na bibi, na tangu 2022 hata aliyewahi kuchezea taifa lingine anaweza kuhama mara moja akikaa miaka mitatu bila kulichezea na akiwa na damu au kuzaliwa huku. Tuwatafute, hasa wa tano za mbele, jezi 1 hadi 5. Sina shida na hilo, ila wasiwe kisingizio cha kuacha wa hapa.

Sasa mdogo wako. Kwanza usimruhusu mtu amhamishe. Kilo 104 kidato cha nne ni zawadi, na flanka wa kasi shuleni wako kumi kila darasa. Huyo Beast niliyemtaja juu, mzaliwa wa Harare, alifika Sharks, klabu ya Durban, akiwa mtu wa nyuma ya skramu, namba 8 na flanka, wakamgeuza propu, na akaishia na mechi 117 za Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini. Yeye alitoka huko kuja mbele, na nyinyi mnataka kumtoa mbele kumpeleka huko.

Pili ajue kwamba skramu aliyozoea si skramu. Sheria za vijana chini ya miaka 19 hazikubali kusukuma zaidi ya mita moja na nusu, na ni vizuri iwe hivyo kwa usalama wa shingo zao, lakini ina maana anamaliza shule akiwa mfalme na hajawahi kurudishwa nyuma mita tano akiwa amekunjwa. Mwaka wa kwanza wa klabu atapigwa. Mwambie mapema ili asidhani ameshindwa. Propu anaiva miaka 25 kwenda juu, Frans Malherbe alianza fainali ya 2019 akiwa na 28 na ile ya 2023 akiwa na 32.

Tatu, na hili ndo la maana kuliko yote, akimaliza mtihani asikimbilie klabu kubwa akakae benchi na jezi nzuri. Najua hapo kwenu kila mtoto anaota Kabras, na ni ndoto nzuri, lakini aende kwanza mahali atacheza dakika 70 kila Jumamosi, hata kama ni daraja la chini na uwanja una mashimo, na ndani ya timu hiyo awe na propu mzee mmoja mwenye masikio yaliyokunjamana wa kumfundisha kiwiko kikae juu. Misimu miwili hivi. Halafu aende Kabras akiwa na kitu mkononi.

Na kuanzia leo, wewe mwenyewe msaidie shingo. Jioni chukua taulo, mzungushie kichwani, wewe unavuta taratibu yeye anazuia bila kusogea, mbele, nyuma, kushoto, kulia, sekunde kumi kila upande, mara tatu. Bila kurusha, bila mashindano, na akisikia maumivu au ganzi ikishuka kwa mkono mnaacha hapo hapo na anaonwa na daktari.